Kaniki ya Kumbini

Katika nchi ya kusini, kati ya Ruangwa na Nachingwea, mwezi wa Juni ni mwezi wa neema. Mvua zimekwisha, ufuta umekatwa na kusimamishwa mashambani ili ukauke, na usiku kuna baridi ya kumfanya mtu ajikunyate karibu na moto. Ndio mwezi ambao wazee hukaa barazani na kupanga habari za jando, maana chakula kipo, na husemwa kwamba vidonda hupona upesi wakati wa baridi.

Huko Ruangwa, miaka michache iliyopita, alikuwako kijana mmoja wa miaka 13 ambaye hakuzaliwa huko. Alizaliwa Dar es Salaam. Mama yake ni Mmwera wa Ruangwa, na baba yake alikuwa mtu wa kaskazini. Baba alipofariki, mama alirudi kwao pamoja na watoto wake wawili, yaani kijana huyo na umbu lake mdogo, wakakaa nyumbani kwa bibi yao.

Wenyeji waliwapokea vizuri, lakini watoto ni watoto. Kijana hakujua Kimwera. Alipokwenda kuteka maji, wenzake walimwita Mgeni, na jina hilo likamganda kama kupe. Kwa kabila la baba yake ukoo hufuatwa kwa baba, na kwa Wamwera, kama kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde majirani zao, tangu kale ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ndiye mkubwa wa mtoto. Basi ingefaa mwana huyu awe tajiri wa ndugu pande zote mbili. Mambo hayakuwa hivyo. Ndugu za baba yake walisema, "Huyu ni wa mama yake," na watoto wa Ruangwa walisema, "Huyu si wetu." Alikuwa kama mtu aliyesimama kizingitini mvua inaponyesha, hayumo ndani wala hayuko nje, naye huloa.

Tena lilikuwako neno jingine lililomwumiza zaidi. Kijana alitahiriwa hospitali alipokuwa mtoto mchanga, wala hakumbuki kitu. Wenzake waliokuwa wakingoja jando walisema, "Yeye hakuonja kisu, hakulala kumbini, hajui lo lote." Akanyamaza, maana alikuwa hana la kujibu.

Siku moja mwalimu wa darasa lao alikuwa akisimulia habari za Livingstone, ambaye mwaka 1866 alishuka Mikindani akaingia bara kwa kuufuata mto Ruvuma. Akawaonyesha picha ya watu wa nchi yake Livingstone, Waskoti, wamesimama safu moja na zumari zao za mifuko, miguu wazi, kila mmoja amevaa nguo ya mistari yenye marinda, iliyokoma magotini. Darasa zima likaangua kicheko. "Wanaume wamevaa sketi!" Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa yule kijana, maana mtu achekwaye kila siku hufurahi sana apatapo wa kumcheka.

Mwalimu hakuwakemea. Aliwaacha wacheke hata wakachoka, kisha akawasimulia.

Vazi hilo, alisema, huitwa kilti. Hapo kwanza, zaidi ya miaka 400 iliyopita, watu wa milima ya kaskazini ya Uskoti walivaa blanketi moja kubwa la sufu, urefu wake mita nne au tano. Mtu alilitandika chini, akalikunja marinda kwa mikono yake, akalala juu yake, akajifunga mkanda kiunoni, kisha akasimama na kuitupa sehemu ya juu begani. Mchana lilikuwa nguo yake, na usiku lilikuwa shuka lake la kujifunika porini. Baadaye, yapata miaka 300 iliyopita, sehemu ya juu ikakatwa, ikabaki ya chini tu. Husimuliwa kwamba aliyeanza kuikata alikuwa Mwingereza, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, jina lake Thomas Rawlinson, kwa kuwa aliona blanketi refu linawasumbua wafanya kazi wake.

Kisha mwalimu akaendelea na habari za vita. Mwaka 1745 wengi wa watu wale wa milimani walimfuata mwana wa mfalme aitwaye Charles Edward Stuart, aliyetaka kukirudisha kiti cha enzi kwa jamaa yake. Tarehe 16 Aprili 1746 wakakutana na majeshi ya serikali mahali paitwapo Culloden, na kwa muda usiotimia saa moja wakavunjwa kabisa. Baba wa babu yake Livingstone alikuwa mmoja wa waliokufa siku ile. Livingstone mwenyewe ameliandika jambo hilo katika kitabu chake. Serikali haikutosheka na ushindi. Ilitunga sheria kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 1747 mwanamume wala mtoto wa kiume katika Uskoti asivae nguo zile za milimani. Aliyeonekana nazo alifungwa miezi 6. Akirudia, alipelekwa ng'ambo ya bahari miaka 7. Askari wa mfalme tu ndio walioachwa wazivae.

"Waliogopa nguo?" akauliza msichana mmoja.

"Hawakuogopa nguo," mwalimu akasema. "Waliogopa watu kukumbukana."

Sheria hiyo haikufutwa hata mwaka 1782. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa vita alikuwa na miaka 36 ilipofutwa, mtu mzima mwenye watoto, naye hajapata kuvaa vazi la baba yake hata siku moja. Wengine walikuwa wamekwisha kuhama milima yao kwa umaskini. Babu yake Livingstone alikuwa mkulima katika kisiwa cha Ulva. Shamba halikumtosha, akaenda na jamaa yake Blantyre kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Livingstone naye, alipokuwa na miaka 10, aliingia katika kiwanda kicho hicho kazi ya kuunganisha nyuzi zilizokatika, tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku.

Hata ulipofika mwaka 1822, Mfalme George wa Nne alikuja mji wa Edinburgh, na mwandishi Walter Scott ndiye aliyeisimamia shughuli ya kumpokea. Scott aliwataka wakubwa waje wamevaa mavazi ya milimani, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Basi watu wakakimbilia kwa mafundi! Hata watu wa mabondeni, ambao babu zao hawakuivaa kamwe na tena waliwadharau waliovaa, wote walitaka kilti. Wafumaji wa Bannockburn walikuwa wakiuza nguo za mistari ya namna namna, na nyingi zilipewa majina ya koo, kila ukoo na mistari yake.

Hapo yule kijana aliinua mkono. Hakucheka tena. Akasema, "Mwalimu, nguo yenyewe ilikatwa na Mgeni," na neno hilo lilimtoka kwa uchungu, "na rangi zake ziliuzwa dukani. Basi si ya kale. Wanadanganyana tu."

Mwalimu akafikiri kidogo. Hakutaka kujibu haraka, na pengine jibu hakuwa nalo. Akasema, "Kawaulizeni wazee wenu nguo zao zilitoka wapi." Kengele ikalia.

Jioni ile kijana alimkuta bibi yake anapepeta ufuta uani. Akamwamkia, akakaa, akamwuliza kama alivyoagizwa. Bibi hakuona ajabu. Akasema kwamba wazee wa wazee wake walivaa magome ya miti yaliyopondwa hata yakawa laini. Kisha wafanya biashara wa pwani walileta nguo za pamba. Iliyokuwa nyeupe iliitwa merikani, maana hapo mwanzo ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa jahazi kubwa. Na iliyokuwa nyeusi, iliyochovywa nili, ilikuwa kaniki, nayo ilitoka Bara Hindi. Watu wa bara walizinunua kwa nta na kwa pembe, na mara nyingine, Bibi akasema akipunguza sauti, kwa watu.

"Basi nguo yetu hasa ni ipi, Bibi?"

Bibi akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha mti ambacho kijana alikuwa akikiona chini ya kitanda siku zote, asijue kilicho ndani. Akatoa kaniki iliyokunjwa mara nne, yenye harufu ya majani makavu. Weusi wake ulikwisha kufifia, ukawa kama rangi ya wingu la mvua, na kwenye mikunjo palikuwa na matundu.

Akasema, "Hii ilinunuliwa Lindi na mjomba wetu. Alikwenda kwa miguu, amebeba nta. Aliinunua kwa ajili ya kaka yangu, aivae siku ya kutoka kumbini, mwaka ule reli ilipofika Nachingwea. Kaka yangu alipokuwa mtu mzima, akaiweka kwa ajili ya mjomba wako. Mjomba wako naye aliivaa. Ukitoka, utaivaa wewe."

Kijana alishukuru kama alivyofundishwa, lakini moyo wake ulishuka. Katika siku hizi zetu wari hutoka kumbini wamevaa suruali mpya na mashati ya kung'aa, na wengi na miwani myeusi, hata mtu akawadhani ni wageni wa harusi. Kijana alikuwa amekwisha kumwomba mama yake suruali ya jinzi. Sasa akajiona katikati ya wenzake amefungwa kitambaa kikuukuu mpaka magotini, kama wale watu wa picha. Usiku ule hakulala vema.

Tena haikujulikana bado kama ataingia kumbini. Mjomba wake alikwenda kwa nyakanga, mzee anayewasimamia wari, akamweleza kwamba mwana huyu amekwisha kutahiriwa. Wako waliosema, "Sasa anakuja kutafuta nini?" Nyakanga akajibu, "Kisu ni kazi ya asubuhi moja. Siku zilizobaki ni za nini, kama kisu ndicho jando?" Neno likaisha.

Zamani wako wamisionari waliokataza jando lote, mzizi na tawi, wakiona ndani yake mabaya tu. Upande wa Masasi mambo yalikwenda njia nyingine. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, alikubali kwamba vijana Wakristo waingie kumbini, makasisi Waafrika wakiwa pamoja nao, sala zikisemwa, na yasiyofaa yakiondolewa. Watu wengi walimlaumu kwa jambo hilo, Wazungu na Waafrika. Lakini kumkataza kijana asiingie palipoingia wajomba zake wote, kisha kumtaka akae kati yao kama mtu mzima, ni kumtwika mzigo usiobebeka, na yafaa Lucas asifiwe kwa kuliona hilo.

Ufuta ulipouzwa, mjomba alimchukua kijana wakaenda Nachingwea. Ruangwa wako mafundi cherehani wazuri, lakini mjomba alimtaka mzee mmoja wa Nachingwea aliyeijua ile kaniki. Wakapanda basi asubuhi. Walipokaribia mji, mjomba akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo reli ilipita, na kijana akatazama asione kitu ila majani.

Habari ya reli hiyo yastahili kusimuliwa, kwa kuwa treni ilikuja na kwenda zake kama mgeni wa mlo mmoja. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 serikali yake ikaanza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, pamoja na mitambo iliyotengenezwa kwa vifaru vya vita. Miti mikubwa iling'olewa kwa minyororo. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Lakini ardhi haikupimwa sawasawa, wala mvua, wala wakulima wenyeji hawakuulizwa, nao ndio waliokuwa wakizijua karanga. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Reli ikafungwa mwaka 1962. Kaniki ya Bibi, iliyonunuliwa kwa furushi la nta, imeishi zaidi ya reli hiyo.

Fundi alikuwa mzee sana, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mjomba akamwamkia, "Shikamoo, Fundi," naye akaitika bila kuinua macho. Lakini alipoikunjua kaniki, akainua macho.

"Hii imerudi," akasema.

Akaigeuza juani, akawaonyesha kwa ncha ya sindano. "Upindo huu niliushona mimi, mwaka alipotoka mjomba wako. Hiki kipande cha katikati nilikitia mimi vile vile, mende walikuwa wamekula. Na huku, tazama, kuna mshono wa fundi mwingine wa kabla yangu. Mkono wake si mzuri. Ya kwanza yenyewe," akapima kwa kidole gumba na cha shahada, "imebaki mashubiri mawili hivi."

Kijana akafurahi, maana aliona mlango wa kutokea. Akasema, "Basi, Mzee, hii siyo ile."

Fundi akamtazama. "Meno yako ya kwanza yako wapi?"

"Yaling'oka."

"Na walioko nyumbani walikufukuza? Walisema huyu siye?"

Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. Kijana naye akatabasamu bila kupenda. Fundi hakukata kitu katika ile kaniki. Alichukua kitambaa kipya cha weusi ule ule, akakiweka chini ya kile cha zamani, akavishona pamoja kwa mkono, sindano moja baada ya moja, hata jua likapinduka. Alipoulizwa bei, alitaja ya uzi tu.

Wakati wa kurudi walipita sokoni, na mjomba akanunua suruali ya jinzi. Kijana hakuiomba siku ile. Mjomba alikumbuka mwenyewe. Akaitia pamoja na kaniki katika mfuko mmoja, wala hakusema neno, na kimya hicho kilimtaabisha kijana kuliko maneno.

Yaliyosemwa kumbini hayaandikwi. Waliokwenda wanayajua, na ambao bado hawajaenda watayapata wakati wao. Zamani wari walikaa huko miezi. Sasa hukaa wiki za likizo, kisha shule huwaita. Neno moja tu laweza kusemwa bila kuvunja mwiko. Kwa kuwa kijana huyu hakuwa na kidonda, nyakanga alimpa kazi ya kuteka maji na kuokota kuni kwa ajili ya wenzake wote. Kwa siku za kwanza aliona ni adhabu. Lakini usiku, baridi ilipozidi na maumivu yakawashika wale wengine, yeye ndiye aliyeamka kuchochea moto. Mmoja wao, aliyemtania kuliko wote, alilia usiku wa pili kwa sauti ya chini, akiuma mkono wake asisikiwe. Kijana alimletea maji ya moto, akakaa kando yake bila kusema kitu hata usingizi ukampata. Asubuhi yake hakuna aliyemwita Mgeni, na hakuna aliyetangaza kwamba jina hilo limekwisha. Jina hilo lilikoma tu, kama mvua ikatavyo usiku watu wamelala.

Siku ya kutoka, wari waliamshwa kabla ya alfajiri wakapelekwa kijitoni. Maji yalikuwa ya barafu. Wakaoga, wakanyolewa nywele, wakapakwa mafuta. Nyuma yao vibanda vya kumbi vilitiwa moto, nao wakaonywa wasigeuke kutazama. Walisikia tu jinsi nyasi kavu zilivyolia, wakaona kivuli chao chenyewe kinacheza mbele yao katika mwanga mwekundu.

Kisha wajomba wakaja na nguo. Suruali zilitoka, na mashati, na viatu vyenye harufu ya duka. Mjomba wa kijana akafungua mfuko wake, akatandika vitu viwili juu ya majani, jinzi upande huu, kaniki upande huu. Akasema, "Zote mbili ni zako. Ukivaa suruali, hakuna mtu atakayekulaumu, wala mimi sitakulaumu." Akageuka upande, akajifanya anatafuta kitu katika mfuko mtupu.

Kijana alisimama uchi katika baridi, akatetemeka. Aliitazama suruali aliyoitamani miezi mitatu. Akaitazama kaniki, na ule mshono mbaya wa fundi asiyejulikana, na ule mshono mzuri wa fundi wa Nachingwea. Aliwaza habari ya yule mtu wa miaka 36, mwaka 1782, amesimama mbele ya vazi ambalo sheria imemrudishia, naye hajui hata pa kuanzia. Akaiinua kaniki. Akajaribu kuizungusha kiunoni, ikamponyoka. Akajaribu tena, ikampanda upande mmoja.

"Mjomba," akasema, "sijui kufunga."

Mjomba akageuka, na macho yake yalikuwa na maji, ingawa alidai baadaye kwamba ni moshi. Akapiga magoti mbele ya mpwa wake. Akaizungusha kaniki kutoka nyuma, ncha ya kulia juu ya ya kushoto, akaikunja ndani mara mbili na kuikaza hata kijana akavuta pumzi. "Mimi nilifungwa na kaka yake bibi yako," akasema. "Alikaza hivi hivi. Nilidhani nitakatika vipande viwili."

Ndipo akamwambia sikioni jina lake jipya. Lilikuwa jina la yule kaka yake bibi, ambaye alikwisha kufa kabla kijana hajazaliwa. Jina lenyewe ni mali ya jamaa yao, wala si lazima lichapwe hapa.

Hatua za kwanza zilikuwa ngumu. Mtu aliyezoea suruali hajui jinsi upepo ulivyo mwingi duniani. Kijana alitembea kama abebaye mtungi uliojaa hata juu, mkono mmoja tayari kuishika nguo isianguke, na kila mara alitazama chini. "Iache," mjomba akamwambia. "Mimi ndiye niliyeifunga." Akaiacha. Hata walipofika penye mwembe, miguu yake ilikuwa imepata mwendo wake, na kile kitambaa kizito, cha zamani na kipya pamoja, kilimgonga magotini kwa kipimo, kama ngoma ndogo.

Barabarani walikuwako vijana wamekaa juu ya pikipiki zao. Mmoja akapaza sauti, "Hebu tazameni, huyo kavaa sketi!" Wenzake wakacheka. Uso wa kijana ukawaka moto, maana neno hilo alilijua. Alilisema yeye mwenyewe darasani, kwa sauti kuliko wote. Alitaka kugeuka. Lakini wari hawageuki siku ile. Kisha yule mwenzake aliyelia usiku wa pili, naye amevaa shati jeupe na miwani myeusi, akatoka katika safu yake, akaja kutembea upande wake wa barabara, kati yake na zile pikipiki. Hawakusemezana.

Vigelegele vilianza kabla hawajaonekana. Wanawake waliwajia mbio na khanga mkononi, ngoma zikawa zinapigwa, na unga ukatupwa juu ya vichwa vilivyonyolewa. Mama yake kijana alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Bibi alikuwa ameketi kitini mlangoni, kwa kuwa miguu yake haikuweza kukimbia. Aliangalia safu ya wari ikipita, suruali baada ya suruali, na macho yake hayakuona vema tena kwa mbali. Lakini kaniki aliiona.

Akasimama bila kushikwa mkono. Hakuna aliyekuwa amemwambia kijana amepewa jina gani.

"Karibu, kaka," akasema.

Kijana alitaka kujibu "Ahsante, Bibi," kama alivyozoea, kinywa kikamshinda. Akainama, naye Bibi akaweka viganja vyake viwili juu ya kichwa kile kilichonyolewa, akamwita kwa jina la nduguye, mara ya kwanza polepole, na mara ya pili kama mtu amwitaye mwingine aliye shambani.

Suruali ya jinzi aliivaa usiku, wakati wa ngoma, nayo ilimpendeza sana.

Kulipopambazuka, Bibi aliianika kaniki juani hata umande ukakauka, kisha akaikunja mara nne juu ya magoti yake na kutia majani makavu katikati. Kijana akanyosha mikono aipokee, airudishe kisandukuni. Bibi akatikisa kichwa.

"Wewe umekwisha kuivaa," akasema. Akamwita umbu lake mdogo, aliyekuwa akicheza na makapi ya ufuta uani, mtoto wa miaka sita, mikono yake imejaa vumbi. Akamfuta viganja kwa upindo wa khanga yake, akampa ile kaniki, maana atakayeivaa baada ya hapo atazaliwa naye. Mtoto akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akaingia nayo ndani taratibu, akihesabu hatua zake kwa sauti.